Baba ni fundi cherehani, tumwekee lenzi ipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 69, ni fundi cherehani hapa Sakina, Arusha. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho aliyekomaa kabisa, anaona mwanga tu. La kulia bado linamsaidia ila anasema kuna ukungu. Ana kisukari mwaka wa tisa sasa, anatumia vidonge. Tumezunguka sehemu tatu. Ya kwanza wanapasua kwa mkono, tundu dogo, na kuweka lenzi ngumu. Ya pili wanatumia mashine na lenzi ya kukunja, bei karibu mara tatu. Ya tatu wametuambia kuna lenzi ya kisasa ya mbali na karibu, hatavaa miwani tena maisha yake yote, lakini kwa bei hiyo tutauza ng'ombe. Jirani yetu alifanyiwa mwaka jana na mpaka leo anavaa miwani. Baba anasema huyo alipunjwa. Ndugu tumeshachangishana na tunataka kumpa kilicho bora. Kipi kinamrudishia mtu macho vizuri zaidi? – Binti wa fundi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Niruhusu nianze na huyo jirani, maana naona ndiye anayewasumbua kuliko lenzi zenyewe. Hakupunjwa.

Lenzi tuliyozaliwa nayo, mtu akiwa kijana, hujibinua na kujinyoosha yenyewe. Ukitazama Mlima Meru inanyooka, ukishusha macho kwenye simu inabinuka, wala hujui kama kuna kazi imefanyika. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu inakakamaa, ndipo mtu anaanza kusoma gazeti kwa mkono ulionyooshwa. Baba yako alipoteza uwezo huo zamani, kabla hata ya lenzi hiyo kuingia ukungu tunaouita mtoto wa jicho, na sitashangaa nikiambiwa kwenye droo ya cherehani yake kuna miwani ya kusomea aliyoinunua barabarani. Lenzi ya kawaida tunayopandikiza haimrudishii ujana huo. Haibinuki. Inapangwa umbali mmoja, basi. Jirani anayeona watu wanaokuja kule njiani bila miwani, kisha anavaa miwani kusoma namba za luku, amepata kile hasa daktari wake alichokikusudia.

Wazee wanaokumbuka miwani ya chupa watanielewa haraka. Zamani mtoto wa jicho aliondolewa na jicho likabaki bila lenzi yoyote, halafu mgonjwa akapewa miwani minene ya namba 10 hivi. Vitu vyote vilivimba kwa karibu robo nzima, mlango ukaonekana umesogea, mtu akinyoosha mkono kuchukua kikombe anakikosa. Na akifanyiwa jicho moja tu, macho mawili yanampa picha mbili za ukubwa tofauti ambazo ubongo haukubali kuziunganisha. Ukilinganisha na hayo, lenzi yoyote kati ya hizo tatu mlizoonyeshwa ni neema. Kwa hiyo mnachagua kati ya vizuri, na hilo lipunguze joto kwenye vikao vya ukoo.

Sasa swali lako lenyewe. Sisi tunapima matokeo kwa kumweka mgonjwa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi. Tukisema ana 6/18, maana yake herufi anayoisoma akiwa mita 6, mwenye macho mazima angeisoma akiwa mita 18. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, wagonjwa 80 kati ya 100 wafike angalau 6/18 kwa hali waliyo nayo, na 90 kati ya 100 wafike hapo wakipewa miwani inayowafaa. Waliobaki chini ya 6/60 wasizidi 5. Siku hizi kigezo cha kuitwa umeona vizuri kimepandishwa hadi 6/12. Angalia hizo hesabu mbili, ya kwanza na ya pili. Pengo lililo katikati yake ni miwani. Hapa kwetu pengo hilo huwa pana kwa sababu ya kusikitisha: mgonjwa akishaona wajukuu zake siku ya pili, anaona kazi imekwisha, na zile wiki sita za kurudi kupimwa miwani zinapita akiwa shambani. Kisha tunasikia "lenzi yake haikuwa nzuri".

Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, tofauti ni ndogo kuliko bei inavyowafanya mfikiri. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Nepal. Wagonjwa 108 wenye mtoto wa jicho mzito waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifanyiwa na Sanduk Ruit, Mnepali, kwa mkono kupitia tundu dogo, jingine likafanyiwa na David Chang, Mmarekani, kwa mashine ile tunayoiita fako, inayovunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuivuta. Wote wawili ni mabingwa wa kazi zao, hakuna aliyebebwa. Baada ya miezi 6, wagonjwa 98 kati ya kila 100 katika kila kundi walifika 6/18 au zaidi kwa miwani. Bila miwani walifika 89 kwa tundu dogo na 85 kwa mashine. Kitaalamu hapo hakuna mshindi. Siku ya kwanza ndiyo kulikuwa na tofauti: konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, ilivimba zaidi kwa waliofanyiwa kwa mashine, kwa sababu lenzi iliyokomaa ni ngumu na inahitaji mawimbi mengi kuivunja. Ruit alitumia wastani wa dakika 9 kwa jicho, mwenzake 15 na nusu.

Usiupeleke utafiti huo mahali usipofika. Mtoto wa jicho akiwa bado laini, mashine ina faida za kweli. Tundu lake ni milimita 2 hadi 3, lenzi ya kukunja hupita humo ikafunguka ndani kama mwavuli, wakati lenzi ngumu inadai mlango wa milimita 6 hivi. Mlango mdogo huacha konea na umbo lake, na konea yenye umbo zuri hupunguza haja ya miwani baadaye. Ndiyo maana jibu langu kwa macho mawili ya baba yako si moja. La kushoto, lililokomaa mpaka anaona mwanga tu, mimi ningempeleka sehemu ya kwanza bila kusitasita, ilimradi mpasuaji awe ni mtu anayefanya kazi hiyo kila wiki. La kulia, ambalo bado lina ukungu tu, mashine italifaa kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, hamjamkosea mzee.

Hili la ulaini linanikumbusha ushauri wa zamani ambao bado nausikia vijijini: "subirini akomae". Ulikuwa na maana wakati ule wa miwani ya chupa. Leo unamfanya mtu akae miaka gizani, na upasuaji uzidi kuwa mgumu. Jicho la kulia lisisubirishwe namna hiyo.

Na hiyo lenzi ngumu msiidharau kwa sababu ya jina wala bei. Ilishuka bei kwa sababu kiwanda cha Aurolab, kule Madurai nchini India, kilianza kuitengeneza mwaka 1992 na kuiuza kwa sehemu ndogo ya bei ya Ulaya na Marekani. Hata Asmara, Eritrea, kilijengwa kiwanda cha lenzi hizi. Plastiki yake ni ileile iliyoanza na Harold Ridley, daktari wa London. Wakati wa vita aliona marubani walioingiwa na vipande vya kioo cha plastiki cha ndege machoni, na macho yao hayakukataa vile vipande. Novemba 1949 akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki hiyo kwenye jicho la mgonjwa. Haiozi, haichakai, haina tarehe ya kubadilishwa.

Lakini sehemu ya hadithi ya Ridley inayonihusu mimi leo ni kwamba mgonjwa wake wa kwanza alitoka na macho ya kuona karibu mno, kiasi cha kuhitaji miwani ya namba 18 ya kutoa. Upasuaji ulifaulu, lenzi ikakaa, hesabu ikakosea. Plastiki hupinda mwanga zaidi ya lenzi ya asili, na yeye alifuata umbo la ile ya asili.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Matokeo ya kuona baada ya upasuaji yanaamuliwa na namba ya lenzi kuliko aina ya lenzi. Kabla ya upasuaji mtu lazima apimwe vitu viwili: mbinuko wa konea, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la wastani lina milimita 23 na nusu hivi. Ukikosea milimita 1 tu kwenye urefu, mgonjwa anatoka na kosa la karibu dayopta (ndiyo ile namba ya miwani) 2 na nusu hadi 3, yaani tofauti ya kusoma bango la daladala na kutoliona kabisa. Na makosa haya hufanyika kirahisi. Kipimo cha mawimbi kinachogusa jicho, mkono ukikandamiza kidogo, hulifanya jicho lionekane fupi. Basi mgonjwa anapewa lenzi kali kupita kiasi na anabaki akiona karibu tu. Kile kipimo kizuri cha mwanga kisichogusa jicho nacho hakifui dafu kwenye mtoto wa jicho aliyekomaa, mwanga haupenyi. Kwa hiyo jicho la kushoto la baba yako litapimwa kwa mawimbi, hakuna ujanja. Omba apimwe macho yote mawili hata kama linafanyiwa moja, kwa kuwa macho ya mtu mmoja kwa kawaida hukaribiana urefu. Yakitofautiana sana, mpimaji mwenye uzoefu anarudia kabla ya kuamini.

Kwa hiyo mkirudi hizo sehemu tatu, swali la kwanza lisiwe "lenzi ni ya nchi gani". Ulizeni: mnampima kila mgonjwa urefu wa jicho na konea, au kuna boksi la lenzi za namba moja kwa watu wote? Namba zote za lenzi mnazo, au mnaweka iliyo karibu? Na wagonjwa wenu wakirudi baada ya miezi miwili, wangapi kati ya kumi wanasoma ubao wa mita 6 bila miwani? Mahali wanapoweka kumbukumbu ya matokeo yao watakujibu kwa namba. Mahali wanapokasirika, umeshapata jibu.

Sasa hiyo lenzi ya kuuza ng'ombe.

Si uongo, ipo, na kuna watu inawafaa sana. Hufanya kazi kwa kuugawa mwanga: sehemu unapelekwa kwenye picha ya mbali, sehemu kwenye ya karibu, na nyingine zina ya katikati pia. Tafiti zinazoilinganisha na lenzi ya kawaida zinaelekea upande mmoja. Kwa mbali zote mbili zinaonyesha sawa. Kwa karibu bila miwani, hiyo ya bei kubwa inashinda, na wengi wanaowekewa huachana na miwani kwa sehemu kubwa ya siku. Malipo yake ni mawili. Usiku taa za magari huonekana zimevishwa pete. Na ule ukali wa kutofautisha rangi zinazofanana hupungua, kwa kuwa kila picha inapata mgao tu wa mwanga.

Fikiri juu ya hilo la pili ukiwa umesimama barazani kwa baba yako. Suruali nyeusi, uzi mweusi, saa kumi na moja na nusu jioni, mawingu yameshuka kutoka mlimani. Hapo ndipo lenzi hiyo ni dhaifu, na hapo ndipo baba yako anapopatia riziki. Ongeza kisukari cha miaka tisa. Kisukari hupenda kuharibu katikati ya retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo, na retina iliyoguswa ikigawiwa mwanga nusunusu inalalamika zaidi. Madaktari wengi hawamwekei lenzi hii mtu ambaye retina yake ina shaka au mwenye presha ya macho, na mimi ni mmoja wao. Na la kushoto retina yake hata haionekani kwa sasa, imezibwa na mtoto wa jicho. Aliyewaahidi kwamba hatavaa miwani "maisha yake yote" kabla ya kuiona retina hiyo aliharakisha. Ng'ombe abaki zizini.

Kuna njia nyingine ambayo naona hakuna aliyewatajia, na haiongezi hata shilingi. Lenzi ya kawaida inapangwa umbali mmoja, sawa, lakini nani kasema lazima uwe mbali? Wengi tunapanga mbali, au tunaacha kaupungufu ka nusu dayopta, kwa sababu dereva, mkulima na mfugaji wote wanahitaji kuona mbali. Fundi cherehani ni mtu mwingine. Hesabu yake ni rahisi: jicho lililoachwa na dayopta 2 za kuona karibu huona safi kabisa kwenye sentimita 50, la dayopta 2 na nusu, sentimita 40. Sindano ya cherehani iko humo humo. Baba yako anaweza kupewa jicho la kushoto lililopangwa kwenye cherehani yake, ashone siku nzima bila miwani, kisha avae miwani ya mbali akienda mjini au kanisani.

Wengine humpangia mtu jicho moja karibu na jingine mbali, asihitaji miwani kwa mengi. Nalipenda wazo hilo kwa mwalimu au muuza duka. Kwa fundi nina wasiwasi nalo kidogo, kwani kutunga uzi kwenye sindano kunataka macho mawili yanayoshirikiana kupima kina, na tofauti kati yao ikizidi dayopta moja na nusu hivi, ushirikiano unalegea. Uzuri ni kwamba hamhitaji kuamua yote sasa. Fanyeni la kushoto, mpeni wiki sita hadi nane, mpime limetua wapi. Kama hesabu ilikosea kidogo, daktari atajua arekebishe upande gani kwenye la kulia, na baba atakuwa ameshajua mwenyewe kama anafurahia kushona bila miwani au anachukia kuvaa miwani kusalimia watu. Wapo wanaochukia, na huwezi kuwabishia. Ukimwekea mtu umbali asioutaka, hata akisoma mstari wa mwisho wa ubao atakuambia haoni.

Kuhusu kisukari, sukari yake itulie kabla ya tarehe ya upasuaji, na apanuliwe mboni achunguzwe retina ya jicho la kulia, hiyo itatupa picha ya la kushoto. La kushoto lenyewe atamulikwa tochi kutoka pande nne aonyeshe mwanga unatoka wapi, na retina itaangaliwa kwa ultrasaundi. Kama anakosea upande wa mwanga, au mboni haisinyai vizuri, mambo mengine yako nyuma ya mtoto wa jicho, na lenzi ya bei yoyote haitayatoa. Ni bora familia iambiwe hilo kabla ya kulipa. Presha ya macho apimwe pia, ni dakika moja.

Baada ya miezi au miaka anaweza kuanza kuona ukungu tena. Mtaani wanasema mtoto wa jicho amerudi. Harudi, ila ule mfuko mwembamba unaoshikilia lenzi huota utando. Utando huo hufunguliwa kwa leza, mgonjwa amekaa kwenye kiti, dakika chache, haumi. Hapa lenzi za kukunja zenye ukingo mkali zina nafuu fulani, huchelewesha utando, na hiyo ni sababu halali ya kuzilipia mtu akiwa nazo.

Mkiamua kwenda Moshi, hospitali ya KCMC au kwingine, msirudi Arusha jioni ileile. Kilomita 80 si nyingi, lakini kesho yake asubuhi anatakiwa afunguliwe bendeji na kuangaliwa, basi laleni kwa ndugu. Akiwa nyumbani, maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, jicho likawa jekundu zaidi, au alichoanza kukiona kikafifia, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili. Maambukizi ndani ya jicho hutokea kwa wachache sana, lakini hayasubiri Jumatatu. Mengine ni ya kawaida: matone kwa saa zake, asifikiche, asichutame kubeba ndoo, na vumbi la Sakina lizuiwe kwa miwani yoyote ile.

Tarehe nayo ina maana kwa kazi yake. Kati ya upasuaji na miwani ya mwisho kuna karibu miezi miwili ya kuona nusunusu, na mwisho wa mwaka ndio msimu wa sare za shule. Februari ingemfaa kuliko Novemba.

Kabla ya kwenda kupimwa, fanya jambo moja. Akae kwenye cherehani yake kama anavyokaa siku zote, asijinyooshe kwa ajili yako, kisha uchukue ile futi anayopimia wateja, upime kutoka kwenye kona ya jicho lake hadi kwenye sindano. Pima tena akiwa ameshika nguo mkononi anapachika kifungo. Andika sentimita zote mbili kwenye karatasi, umkabidhi daktari kabla hajachagua namba.